Dohani na Paa: Habari za Mshono Mmoja katika Nyumba za Buha

Habari tunayotaka kuieleza leo ni ya kitu kidogo, kisichozidi sana upana wa kiganja, ambacho kimeharibu nyumba nyingi nzuri. Ni ule mshono uliopo mahali dohani ya matofali inapotokeza juu ya paa la mabati.

Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizofanywa wilaya mwaka 2012, zingaliko nyumba za zamani zenye dohani. Nyingine zilijengwa na misheni, nyingine na serikali ya wakati wa ukoloni kwa ajili ya maofisa na walimu. Nchi hii imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi, na mvua huanza Oktoba au Novemba, ikaendelea hata Aprili au Mei. Kwa hiyo mjenzi alitakiwa kuweka moto ndani na kuzuia maji juu, na mambo haya mawili hayapatani kwa urahisi.

Hapo kale ugomvi huo haukuwapo. Nyumba ya Mha ilikuwa msonge, imeezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hata karibu na ardhi. Moto uliwaka kati ya mafiga, na moshi haukuwa na mlango wake peke yake. Ulipanda, ukajipenyeza kati ya nyasi, ukatoka polepole, hata mtu aliye mbali aliona paa lote likifuka. Hatusemi kwamba moshi ule ulikuwa mwema. Uliwasha macho na kudhuru vifua, hasa vya wanawake na watoto. Lakini ulikuwa na kazi yake: ulikausha nyasi kutoka ndani, ukafukuza wadudu, na masizi yake yakazishika fito. Tena, na hili ndilo jambo kubwa katika habari yetu, paa halikutobolewa. Tone lililoanguka kileleni liliteremka juu ya nyasi mpaka chini pasipo kukuta kizuizi chochote njiani.

Wala desturi hiyo haikuwa ya Buha tu. Uingereza nako watu wa kawaida walikaa karne nyingi na moto katikati ya nyumba, moshi ukijitafutia njia darini. Mwaka 1577 William Harrison, katika maelezo yake ya nchi ya Uingereza, aliandika kwamba wazee wa kijiji alichokaa walistaajabia wingi wa dohani zilizojengwa katika siku za maisha yao. Basi dohani huko pia ilikuwa jambo geni, na watu walilazimika kujifunza namna ya kuzuia maji yasipite kando yake. Mafundi wao walitumia sana madini ya risasi, kwa sababu ni laini, hupindika kwa nyundo na kufuata kila pembe ya tofali.

Bati lilikuja baadaye sana. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer wa London alipata hati ya haki kwa njia yake ya kukunja mabamba ya chuma yawe na migongo na mabonde, nayo yakawa na nguvu kuliko bamba lililonyooka. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hati kwa njia ya kukifunika chuma kwa zinki kisishikwe na kutu. Vitu hivi viwili vilipounganishwa, likapatikana bati tunalolijua. Katika nchi yetu mzigo wa namna hiyo ulikuwa mgumu kuusafirisha hata reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipofika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo bati liliweza kufika ziwani kwa gari la moshi. Hata hivyo Kasulu iko karibu kilomita 100 kutoka Kigoma, na Kibondo zaidi ya kilomita 200. Kila bamba lililofika huko lilikuwa limegharimu jasho.

Sasa tazameni mabadiliko yaliyotokea. Nyasi huuachia moshi njia, bali bati haliuachii. Nyumba ya bati yenye moto ndani hapana budi iwe na dohani, na yenye dohani hapana budi iwe na tundu katika paa. Basi maji yateremkayo kutoka mgongo wa paa hukuta ukuta wa matofali umesimama katikati ya njia yao. Hujikusanya nyuma yake, pamoja na majani na masizi, yakatafuta ufa.

Wengi hudhani kwamba kuuziba ufa huo ni kazi nyepesi: leta saruji, ipake kuzunguka dohani, umemaliza. Lakini bati na tofali havina tabia moja. Jua la mchana likilipiga bati, hutanuka. Mvua ya ghafula ikilinyeshea, husinyaa. Bamba la mita 3, joto lake likibadilika kwa nyuzi 40, huongezeka urefu kwa milimita 1 na nusu hivi. Tofali la kuchoma la urefu uo huo halifikii hata nusu ya hapo. Jambo hili hutokea kila siku, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Saruji iliyokauka haijui kunyumbuka, kwa hiyo hupasuka. Tena saruji na chokaa zikiwa bado mbichi huila zinki ya bati, na zinki ikiisha kutu huingia. Basi dawa iliyopakwa kulinda bati ndiyo inayolianzishia ugonjwa.

Methali yetu yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni neno la kweli. Lakini methali haikutuambia tuuzibe kwa kitu gani. Tumeona nyumba ambazo mshono wake ulipakwa saruji kila kiangazi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mnene kama kichuguu, na maji yangali yakiingia kila masika.

Mafundi wa zamani waliijua siri, nayo ni hii: mshono usifungwe kwa kitu kimoja, bali kwa vipande viwili ambavyo havikushikamana. Kipande cha kwanza ni bati la chini. Hili hulala pamoja na paa, kisha hukunjwa na kupanda juu ya dohani kiasi cha sentimita 15, lakini halipigiliwi misumari kwenye tofali. Kipande cha pili ni bati la juu. Hili huingizwa katika mfuo uliochimbwa kati ya safu za matofali, wenye kina cha sentimita 2 na nusu, likakazwa kwa kabari, na mfuo ukajazwa chokaa. Kutoka hapo huning'inia na kulifunika bati la chini, kama joho linavyoifunika kanzu. Paa likitanuka, bati la chini husogea chini ya lile la juu, wala hakuna kinachopasuka. Maji nayo hayapati njia, kwa kuwa hayapandi mlima.

Twaamini kwamba katika siri hiyo ndimo elimu ilimopotelea. Kazi ikiisha, mkunjo wa bati la chini hauonekani tena. Atazamaye kutoka chini huona mstari wa chokaa tu juu ya tofali, naye hudhani kwamba chokaa ile ndiyo inayozuia maji. Kijana aliyechanganya chokaa na kubeba matofali, lakini hakupanda juu ya paa siku ya kukunja mabati, alirithi kazi iliyo nusu. Alipoitwa miaka 20 baadaye kutengeneza nyumba ile ile, aliiga kile alichokiona.

Na madhara yake si doa la maji ukutani peke yake. Nyumba nyingi za zamani vijijini zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo hudumu sana ukiwa mkavu. Ukilowa, udongo hulainika na dohani huanza kuinama. Boriti zilizo karibu nayo huoza, na mchwa hupenda mti uliolowa. Mwisho wenye nyumba husema imezeeka, huibomoa, kumbe iliharibiwa na ufa wa upana wa kidole.

Mwenye kutaka kutengeneza na aanze wakati wa kiangazi. Kwanza apande aitazame kofia ya dohani, maana mara nyingine maji huingia kwa juu na mshono ukasingiziwa. Kisha abandue saruji yote ya zamani kwa patasi, taratibu, asivunje matofali. Ikiwa bati la chini lingali zima, labatilishwe la juu tu; ikiwa limetobolewa na kutu, yote mawili yaondolewe. Upande wa chini wa dohani, bati jipya lilale juu ya mabati ya paa. Upande wa juu, liingie chini ya mabati ya paa. Akigeuza mpango huo, ameyaalika maji ndani. Kando za dohani, bati la juu likatwe kwa kufuata safu za matofali, kama ngazi. Na nyuma ya dohani iliyo pana, afanye kipaa kidogo chenye migongo miwili, ili maji yagawanyike kushoto na kulia badala ya kusimama.

Tuongeze maonyo mawili. La kwanza, risasi, ijapokuwa ilisifiwa na mafundi wa Ulaya, ni sumu. Nasi tunakinga maji ya kunywa kutoka mapaa yetu. Isitumiwe juu ya nyumba yenye tangi au pipa la kukingia mvua. La pili, shaba isiwekwe pamoja na bati, wala kwa misumari, maana shaba na zinki zikilowa pamoja, zinki huliwa upesi.

Na ikiwa dohani haitumiki tena, wala hakuna mtu atakayewasha moto chini yake, si aibu kuishusha hadi chini ya paa na kuziba tundu kwa mabati mazima. Paa lisilotobolewa ndilo paa la wazee wetu, nalo halikuhitaji mshono.

Wasikilizaji, historia ya nchi huandikwa kwa majina ya watawala na miaka ya vita, nasi tunaifundisha hivyo darasani. Lakini iko pia historia ya mikono: nani alijua kukunja bati, nani alimtazama akikunja, na nani aliachwa chini akichanganya chokaa. Nyumba zetu za zamani zimeihifadhi habari hiyo. Basi fundi akiitwa kupanda juu ya paa, na apande pamoja na mwanafunzi wake, amwonyeshe mkunjo kabla haujafunikwa.