Mwanga wa Kijani Uliohesabu CD4

Hapa Songea, kama kwingineko Bongo, swali "CD4 zako ngapi?" lilikuwa na uzito wa hukumu. Serikali ilipoanza kugawa ARV mwaka 2004, mtu mzima asiye na dalili za ugonjwa uliokomaa alisubiri mpaka namba ishuke chini ya 200. Hiyo namba ilitoka wapi? "Kwenye mashine," tunajibu, basi.

Jamani, ilitoka kwenye mwanga. Chembe za damu hubandikwa rangi, kisha hupita moja moja mbele ya leza. Rangi humeza mwanga wa aina moja na kutoa wa aina nyingine. Wakubwa wa zamani walipenda leza ya argoni, buluu ya nanomita 488, maana rangi ya fluoresini inaimeza vizuri. Lakini leza hiyo inakula umeme na kutoa joto balaa. Na Songea yetu iliungwa gridi ya Taifa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo ni jenereta za dizeli!

Mwaka 1982 Oi, Glazer na Stryer kule Marekani walionyesha matumizi ya fikoeritrini (PE), rangi ya mwani mwekundu, ndugu wa huu unaolimwa Zanzibar. Yenyewe inapenda kijani. Mashine ya FACSCount, iliyoenea kwenye maabara nyingi za Afrika miaka ya 2000, ikachagua leza moja tu, kijani ya 543, kwa rangi mbili. PE iliyobandikwa CD4 hutoa mwanga wa chungwa, kama 578. PE-Cy5 iliyobandikwa CD3 hutoa mwekundu, kama 670. Chembe yenye zote mbili ndiyo inayohesabiwa.

Watu husifia leza, mimi nasifia vichujio, maana ndivyo vinavyotenganisha chungwa na nyekundu. Ila navyo vina mpaka. PE-Cy5 ni rangi mbili zilizounganishwa. Ikipigwa na joto au mwanga muungano unavunjika, nayo inatoa chungwa. Chujio halina ubishi, linapitisha. Chembe isiyo na CD4 inaweza kuhesabiwa kama inayo. Sasa fikiria friji ya maabara bila umeme mchana kutwa, na mgonjwa wa 190 akasomeka 210. Anarudishwa nyumbani bila dawa.

Tangu mwaka 2016 Tanzania inampa dawa kila mwenye VVU bila kusubiri namba. CD4 bado inapimwa, kuwatambua waliochelewa.