Fonti: Neno lililotoka kwenye tanuri

Swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara ni hili: je, ‘fonti’ ni neno la kompyuta? La hasha! Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa ‘fondre’, yaani kuyeyusha. Kabla ya ujio wa kompyuta, mafundi walisubu herufi. Waliyeyusha risasi, bati na antimoni, kisha wakamimina katika kalibu, herufi moja moja.

Chukua, mathalani, zile herufi nene zenye pembe ambazo ukiziona tu unawazia mabamba ya chuma na kelele za karakana. Mwanzoni mwa karne ya 19, viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitoa bidhaa chungu nzima, na kila mfanyabiashara alitaka jicho la mpita njia. Herufi nyembamba za vitabuni hazikufua dafu ukutani. Basi wachapaji wa London wakaanza kuzinenepesha. Mnamo 1816 hivi, William Caslon IV alionyesha herufi zisizo na vijimkia nchani.

Hata hivyo, herufi kubwa ya risasi ni nzito ajabu, tena ghali. Dawa ilipatikana New York mwaka wa 1827, Darius Wells alipoanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine. Hizi zilikuwa nyepesi na za bei nafuu, nayo mabango yakatapakaa mijini. Baadhi ya herufi za aina hiyo zilikatwa pembe badala ya kuviringwa, hata O ikawa na pande nane.

Mwaka wa 1970, mjini humo humo, Ronne Bonder na Tom Carnase walibuni fonti iitwayo Machine: herufi kubwa tupu, nzito, zisizo na mviringo. Ajabu ni kwamba wakati huo uchapaji ulikuwa umehamia kwenye picha, na risasi ilikuwa ikienda zake. Sura ya kiwanda ikabaki, tanuri likazimwa.

Hapo ndipo ninapoona funzo kwa lugha yetu. Wapo wasemao eti Kiswahili hakina msamiati wa fani hii. Si kweli. ‘Chapa’ tuliipata kutoka Kihindi. ‘Matbaa’, ‘kalibu’ na ‘risasi’ kutoka Kiarabu. Maneno haya yaliletwa na kazi za mikono, yakakaa. Leo mtoto akisikia ‘risasi’ anawaza bunduki tu, na ‘subu’ hajapata kuisikia, ingawa imo kamusini.

Sipingi ‘fonti’. Tuipokee, maana imekwisha kuzoeleka. Ila mwalimu anayeifundisha aeleze pia kusubu na kalibu. Neno lisilotamkwa darasani wala karakanani halifi siku moja. Hufa kama tanuri, kwa kukosa wa kulichochea.