Nani Anawajibika kwa Mnyama wa Maabara? Uingereza kutoka 1876 hadi 1986

Usimamizi wa majaribio yanayofanywa kwa wanyama walio hai ulianza kuwa jambo la sheria nchini Uingereza tarehe 15 Agosti 1876, siku ambayo Sheria ya Ukatili dhidi ya Wanyama ilipata idhini ya mwisho. Tangu 1822 nchi hiyo ilikuwa na sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo dhidi ya mapigo ya wenye nao, lakini sheria hiyo iliwatazama wapanda farasi, wachunga mifugo na wachukuzi, na haikumfikiria mtaalamu aliyesimama mbele ya meza ya upasuaji akitaka kujua jinsi moyo, neva au tezi inavyofanya kazi. Sheria ya 1876 ndiyo iliyomtaja mtaalamu huyo na kumtaka awe na leseni. Hata hivyo, historia ya miaka 110 iliyofuata inaonyesha kwamba leseni ilijibu mapema swali la nani anaruhusiwa kumpasua mnyama, na ilichelewa mno kujibu swali la nani anapaswa kumwangalia mnyama huyo baada ya kupasuliwa.

Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa viungo vya mwili, ilistawi zaidi Ufaransa na Ujerumani kuliko Uingereza, na Waingereza wengi waliyaona majaribio ya namna hiyo kuwa mambo ya ng'ambo. Daktari Marshall Hall alikwisha kupendekeza mwaka 1831 kwamba jaribio lisifanywe iwapo kuchunguza kwa macho tu kunatosha, wala lisirudiwe bila sababu, lakini pendekezo lake halikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Mambo yalibadilika mwaka 1873, wakati John Burdon Sanderson alipohariri kitabu cha mwongozo wa maabara ya fiziolojia, ambacho wakosoaji walikishutumu kwa kutosisitiza ipasavyo matumizi ya nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza kiumbe asisikie maumivu, ilhali etha na klorofomu zilikuwa zimejulikana hospitalini tangu 1846 na 1847. Mwaka 1874, katika mkutano wa madaktari mjini Norwich, Mfaransa Valentin Magnan aliwachoma mbwa sindano ya pombe kali iitwayo absinthe mbele ya hadhira. Mashtaka yalifunguliwa, lakini Magnan alikuwa amekwisha kurejea kwao, na hapakupatikana wa kutiwa hatiani.

Serikali iliunda Tume ya Kifalme mwaka 1875, na Charles Darwin alikuwa miongoni mwa waliohojiwa. Ushahidi uliowashtua wajumbe kuliko mwingine ulitolewa na Emanuel Klein, mmoja wa waandishi wa kitabu kile cha 1873, aliyekiri waziwazi kwamba hakuyajali mateso ya mnyama na kwamba alitumia nusukaputi kwa ajili ya urahisi wa kazi yake, ili asing'atwe wala kukwaruzwa. Ni vigumu kuona jinsi Bunge lingeweza kunyamaza baada ya maneno hayo. Madaktari nao walishawishi kwa bidii ili muswada ulegezwe, na sheria iliyopita ilikuwa laini kuliko ile iliyowasilishwa kwanza.

Utaratibu wa sheria hiyo ulikuwa hivi. Kila mtafiti alihitaji leseni kutoka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo alipaswa kulazwa kwa nusukaputi muda wote wa jaribio, kisha kuuawa kabla hajazinduka. Kurare, sumu inayopooza misuli bila kuondoa hisia za maumivu, haikuhesabiwa kuwa nusukaputi. Aliyetaka kwenda nje ya mipaka hiyo, kwa mfano kufanya jaribio bila nusukaputi, kumwacha mnyama azinduke au kumpasua mbele ya wanafunzi, alihitaji cheti cha ziada kilichotiwa saini na mkuu wa chama kikubwa cha kitaaluma pamoja na profesa. Kosa la kwanza lilikuwa na faini isiyozidi pauni 50. Wakaguzi walipewa mamlaka ya kuzuru maabara, ila walikuwa wachache sana, na mwenye leseni hakuweza kushtakiwa chini ya sheria hiyo bila Waziri kukubali kwa maandishi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880, isitoshe, Waziri alikuwa akiomba ushauri juu ya leseni kutoka kwa chama kilichoundwa na watafiti wenyewe ili kutetea utafiti. Kumpa anayesimamiwa nafasi ya kumshauri msimamizi ni kasoro iliyoudhoofisha mfumo mzima, na iliendelea kwa takribani miaka 30.

Udhaifu huo ulijitokeza mapema. Mwaka 1881 David Ferrier alifikishwa mahakamani mjini London akidaiwa kuwapasua kima ubongo bila kibali kinachotakiwa, na kesi ikafutwa ilipobainika kwamba aliyefanya upasuaji alikuwa mwenzake, Gerald Yeo, ambaye kibali alikuwa nacho. Mahakama ilitafuta jina lililokuwa kwenye karatasi, na jina lilipopatikana, hali ya kima wenyewe haikuwa tena hoja.

Kesi iliyoutikisa mfumo zaidi ilihusu mbwa mdogo wa rangi ya kahawia. Desemba 1902, katika Chuo cha University College London, Ernest Starling alimpasua tumbo akichunguza kongosho, na mbwa akaachwa apone. Tarehe 2 Februari 1903 Starling alimfungua tena tumbo ili atazame matokeo, kisha akamkabidhi William Bayliss, aliyempasua shingo mbele ya wanafunzi na kuzisisimua kwa umeme neva za tezi za mate, akitaka kuonyesha jambo fulani kuhusu shinikizo la mate, na onyesho lenyewe halikufaulu. Mbwa alikuwa amefungwa chali juu ya ubao, na mrija wa kupitishia nusukaputi ulipita mahali ambapo wanafunzi hawakuweza kuuona. Miongoni mwa waliotazama walikuwa wanawake wawili kutoka Uswidi, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walioandika katika shajara yao kwamba mbwa alijitikisa kama kiumbe anayehisi, na kwamba hawakunusa harufu ya dawa yoyote.

Stephen Coleridge, kiongozi wa chama cha kupinga majaribio hayo, alitoa tuhuma hadharani, Bayliss akamshtaki kwa kashfa, na Novemba 1903 baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba mbwa alikuwa amelazwa ipasavyo na kumpa Bayliss fidia ya pauni 2,000. Lakini katika kesi hiyohiyo Starling alikubali kwamba kumtumia mbwa mmoja mara mbili kulikiuka sheria, akajitetea kwamba alifanya hivyo ili asiue mbwa wawili. Utetezi huo unastahili kufikiriwa kwa uzito, kwa kuwa ulifichua mgongano ambao sheria haikuuona: kumpunguzia mnyama mmoja mateso na kupunguza idadi ya wanyama ni aina mbili za wajibu zinazoweza kupingana. Wala isisahaulike kwamba kosa hilo halikugunduliwa na mkaguzi wa serikali. Sanamu ya mbwa huyo, iliyosimamishwa Battersea mwaka 1906, ilizusha ghasia za wanafunzi wa udaktari mwaka uliofuata, ikaondolewa Machi 1910.

Tume ya pili ya Kifalme, iliyoripoti mwaka 1912, ilitaka wakaguzi waongezwe na mnyama mwenye maumivu makali yanayoelekea kudumu auawe bila kuteseka, hata kama jaribio halijakamilika. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walichapisha kitabu kilichoupa mgongano wa Starling lugha ya kitaalamu, wakifundisha mambo matatu: kutafuta mbadala wa mnyama, kupunguza idadi na kuboresha njia ili mateso yapungue. Kipindi hichohicho muundo wa leseni uliingia Afrika Mashariki, kwani sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, iliyotungwa karibu na uhuru, ilitenga sehemu ya majaribio, wakati ambapo kituo cha utafiti wa nyani kilichoanzishwa na Louis Leakey huko Tigoni kilikuwa bado kichanga.

Uingereza yenyewe iliendelea na sheria ya 1876 hata idadi ya majaribio kwa mwaka ilipozidi milioni 5 katika miaka ya 1970. Sheria mpya ya 1986 iligawa idhini katika sehemu tatu, yaani mtu, mradi na mahali, na kwa mara ya kwanza ikamlazimisha Waziri kupima faida inayotarajiwa dhidi ya madhara kwa mnyama. Jambo ambalo halikuvuma sana, ingawa lina uzito mkubwa zaidi kwa mnyama mwenyewe, ni kwamba kila taasisi ilitakiwa kumtaja daktari wa mifugo na mtu anayewajibika kwa matunzo ya kila siku. Watu hao wanapoona hali ya mnyama inatia wasiwasi, ni lazima wamwarifu mwenye leseni, na iwapo hapatikani, wahakikishe wenyewe kwamba mnyama anatunzwa au, ikibidi, anauawa bila mateso.