Msomi wa Freetown aliyekabidhiwa chuo cha Nairobi

Ijumaa alasiri, kupata nafasi ya kuegesha gari Kikopey ni kazi. Moshi wa nyama choma hukatiza barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, wauzaji huwapungia madereva mikono, na mbavu za mbuzi huning'inia dirishani zikisubiri kupimwa. Kati ya malori na matatu husimama mabasi ya vyuo vikuu: Egerton, Kabarak, Laikipia, Nairobi. Wanafunzi huchanga pesa za kilo mbili, mkataji akaleta nyama kwenye ubao, chumvi rundo pembeni, kachumbari na ugali vikafuata. Mezani hapo utasikia lafudhi za kila pembe ya Kenya.

Ni wachache kati ya vijana hao waliowahi kusikia jina la Arthur Porter. Hata hivyo, ukifuata nasaba ya elimu ya juu nchini humu, huwezi kumruka. Mwaka 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, chuo kikuu kishiriki pekee kilichokuwa katika ardhi yake kilikabidhiwa mwanahistoria huyo kutoka Sierra Leone. Akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza, na hakuwa Mkenya.

Arthur Thomas Porter alizaliwa Freetown mwaka 1924, katika jamii ya Wakrio. Hao ni wazao wa watumwa waliopata uhuru: wengine walitoka Nova Scotia, wengine Jamaika, na wengine waliokolewa baharini kutoka kwenye meli za biashara ya utumwa. Msomaji wa Pwani ana mfano wake karibu. Freretown, kule Kisauni, Mombasa, iliasisiwa miaka ya 1870 na wamishenari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo. Shirika hilo hilo ndilo lililokuwa limeanzisha Fourah Bay College jijini Freetown mwaka 1827, na hapo ndipo Porter aliposoma kabla ya kwenda Cambridge, kisha Boston, Marekani, alikopata shahada ya uzamifu.

Kitabu chake, Creoledom, kilichapishwa mwaka 1963. Kinachunguza jinsi jamii ya Freetown ilivyojengeka: watu waliofika mikono mitupu, kila mmoja na lugha yake, wakageuka wenyeji wenye makanisa, shule, vyeo na majivuno yao. Kwa hiyo aliyekuja Nairobi alikuwa msomi aliyekwisha kuchunguza kwa undani namna mgeni anavyogeuka mwenyeji, na namna mwenyeji huyo naye anavyoanza kuwafungia wengine mlango.

Chuo alichokikuta kilikuwa kimebadilishwa jina mara kadhaa ndani ya miaka michache. Kilianza kama Royal Technical College, kilichopewa hati mwaka 1951 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Wahindi wa Kenya, ambao walikuwa wamechangisha fedha za kujenga taasisi ya kumkumbuka Mahatma Gandhi, walikubali kuunganisha mradi wao na chuo hicho. Mwaka 1961 kikaitwa Royal College Nairobi, wanafunzi wake wakitahiniwa kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mei 1964 kikawa University College Nairobi. Mtangulizi wa Porter alikuwa James Hyslop, mwanahisabati kutoka Scotland.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, University of East Africa, kilichozinduliwa mwaka 1963 Julius Nyerere akiwa Chansela. Matawi yake yalikuwa matatu: Makerere, Dar es Salaam na Nairobi. Kazi ziligawanywa. Kijana wa Nakuru aliyetaka udaktari alipanda treni kwenda Kampala, aliyetaka sheria alielekea Dar es Salaam, na aliyetaka uhandisi, usanifu majengo au udaktari wa mifugo alibaki Nairobi. Makerere iliongozwa na Yusufu Lule, Mganda. Dar es Salaam iliongozwa na Cranford Pratt, raia wa Kanada, hadi Wilbert Chagula alipompokea mwaka 1965. Nairobi ikampata Porter. Nchi zilikuwa na kiu ya wasomi, na wakubwa wa siku hizo walikuwa tayari kuwatafuta popote walipo.

Katika miaka yake sita, Nairobi ilianza kuota mbawa za kujitegemea. Taasisi ya Utafiti wa Maendeleo ilianzishwa mwaka 1965, ikawa kituo cha wachumi na wanasayansi ya jamii waliokuja kuathiri sera za serikali. Mafunzo ya udaktari yakaanza mwaka 1967, Hospitali ya Kenyatta ikiwa mahali pa mazoezi, na safari ya lazima ya kwenda Kampala ikafikia kikomo.

Hata hivyo, kilichofanya kipindi hicho kikumbukwe zaidi ni mabishano. Oktoba 1968 wahadhiri watatu, James Ngugi (ndiye Ngugi wa Thiong'o wa baadaye), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao ilikuwa kwamba fasihi ya Afrika, simulizi zikiwemo, ndiyo inayostahili kuwa kitovu cha masomo, na fasihi ya Uingereza ikae pembeni pamoja na nyingine za dunia. Waraka huo ulibadilisha ufundishaji wa fasihi barani. Hata miongoni mwa watatu hao, Taban alikuwa mgeni: mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda.

Miezi mitatu baadaye moto ukahamia kwenye siasa. Januari 1969 serikali ilimzuia Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, kuhutubia wanafunzi. Wanafunzi wakasusia masomo, chuo kikafungwa, nao wakafukuzwa bwenini. Ngugi akajiuzulu kwa kupinga hatua hiyo. Kwa mkuu wa chuo, hili lilikuwa fundisho chungu: kufungua na kufunga chuo kulitegemea amri ya serikali, hata anayekiongoza awe msomi wa kiwango gani.

Mwaka 1970 University of East Africa ilivunjwa, kila nchi ikachukua chake. Chuo Kikuu cha Nairobi kikazaliwa, Rais Jomo Kenyatta akiwa Chansela. Naibu Chansela wa kwanza akawa Dkt Josephat Karanja, msomi wa historia aliyekuwa balozi wa Kenya jijini London. Hatimaye Mkenya alishika usukani, na madai ya Wakenya ya kuongoza chuo chao yalikuwa ya haki. Lakini usukani huo ulikuja na kamba iliyofungwa Ikulu, na kwa miongo mingi manaibu chansela waliteuliwa kwa kibali cha huko. Porter hakufungasha virago mara moja. Alibaki Kenya kama mshauri wa UNESCO katika masuala ya elimu, kisha akarudi kwao kuwa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Sierra Leone kuanzia 1974 hadi 1984.

Mti uliopandwa Nairobi ukaendelea kutoa matawi, mengine katika Bonde la Ufa. Kule Njoro, mgeni mwingine, Lord Maurice Egerton wa Uingereza, alikuwa ameanzisha shule ya kilimo mwaka 1939 kwa vijana wa Kizungu. Shule hiyo ikawa chuo cha stashahada, ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1986 ikafanywa chuo kishiriki cha Nairobi. Mwaka uliofuata ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Egerton nayo imezaa: Laikipia, Chuka na Kisii zilikuwa chini yake kabla ya kupata hati zao mwaka 2013.

Vyuo vimeongezeka, lakini ukarimu umepungua. Septemba 2016, Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kukaimu unaibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, viongozi wa kisiasa wa eneo hilo waliandamana hadi chuoni wakidai nafasi hiyo apewe mtu wa kwao. Ayiro ni Mkenya. Kosa lake lilikuwa kutoka kaunti nyingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwaka 1964 Kenya iliufuata usemi huo. Porter hakuwa na kabila la kumpigia debe Nairobi, wala mbunge wa kwao wa kumtetea bungeni. Alikuwa na vyeti, kitabu na uzoefu wa uongozi. Mabaraza ya vyuo vyetu yangefanya vyema kuanzia hapo kila yanapotangaza nafasi ya naibu chansela, kabla ya mtu yeyote kuuliza mwombaji amezaliwa wapi.