Pakua, Sakinisha: Lugha ya Pwani Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, chini ya uhariri wa Carl Velten. Mwandishi wake mkuu, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliwaeleza mambo ya pwani hata wasomaji wasiowahi kuyaona. Wajibu kama huo uliwarudia waandishi wa Kiswahili mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha yetu.

Programu haina faida ikiwa mgeni atakwama kwenye maelekezo ya kuiweka. Neno “pakua” humfaa, kwani pwani hupakuliwa shehena ya jahazi na wali wa chunguni. Mkono wake unalijua. “Sakinisha” limetokana na “sakini”, yaani kukaa mahali. Ni neno zuri, ila si wote walijualo. Basi tumwandikie: “Sakinisha programu, yaani iweke ikae ndani ya kompyuta.” Kisha tumwambie abonyeze wapi, na ataona nini akishabonyeza. Kila hatua iwe na tendo moja.

Wapenzi wa lugha, istilahi tunazo. Aliyezoea kupima mizani asishindwe kupima agizo.