Mkono wa Pili Katika Usukani

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Kilwa kwa njia ya lami hupita Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu na Bungu kabla ya kuingia Kibiti. Kisha hupita Ikwiriri na kuuvuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Kushoto kwake, nyuma ya mikorosho na minazi, pana nchi nyingine asiyoiona: delta ya Rufiji, ambako mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini mbele ya kisiwa cha Mafia, na ambako mikoko imefunika eneo lisilo na kifani katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Njia hizi mbili, ya lami na ya maji, ni jirani, lakini wasafiri wake hawajuani. Nazileta pamoja hapa kwa sababu ya tukio moja dogo lililonipata katika ile ya lami.

Tulikuwa baina ya Bungu na Jaribu, mimi na mpwa wangu, katika motokaa iliyonunuliwa Japani baada ya kutumika huko miaka kadha. Ilikuwa na mitambo miwili ya kumsaidia dereva. Wa kwanza hushika mwendo uliowekwa na kuupunguza wenyewe gari la mbele linapokaribia; wa pili hutazama mistari ya barabara kwa kamera na kuurudisha usukani kila gari linapoelekea kuuvuka mstari. Mbele yetu mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa. Barabara ilikuwa tupu, kwa hiyo mpwa wangu hakuwasha taa ya kupinda. Aligeuza tu usukani kidogo upande wa kulia ili ampishe. Usukani ukamrudisha kushoto, kuelekea kwenye baiskeli. Akaulazimisha kwa nguvu, tukapita pale kwa nafasi ya dhiraa moja hivi. Motokaa ikalia, na sauti nyororo ya mwanamke ikatuambia maneno ya Kijapani.

"Mjomba, umeona? Usukani umenikatalia."

"Umekukatalia nini?"

"Kumpisha yule bwana." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huyu mama, anasema nini?"

Sikujua. Nasomesha historia, na mtu wa historia akitishwa na jambo jipya hulitafutia wazee wake. Nikajiuliza tangu lini mtu aliyeshika usukani ameukubali mkono wa pili, na kwa masharti gani. Sehemu kubwa ya jibu niliikuta kushoto kwetu, deltani.

Katika vyombo vya tanga kazi hii ilikuwa na mpango wake wa zamani. Nahodha alikuwa mwenye amri, mshika sukani alikuwa mwenye mkono, na palipokuwa na maji ya hatari alitafutwa rubani, yaani mwenye kupajua mahali. Majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba kuchukua boriti za mikoko yalihitaji sana ujuzi wa namna hii, kwa kuwa mafungu ya mchanga ya Rufiji hayatulii. Mafuriko ya mwaka mmoja huweza kuziba mlango uliopitisha vyombo mwaka uliotangulia. Rubani alisema, na mwingine akageuza. Bildi au upondo ulitoa ushahidi juu ya kina. Alipokuwa hana hakika, neno lake lilikuwa moja tu, tia nanga, na chombo kikangoja maji yajae. Hapa ujuzi na mkono vilikuwa vya watu wawili, na kila mmoja alimsikia mwenzake kwa lugha waliyoijua wote.

Mwaka 1914 delta hiyo ilipata mgeni mkubwa kupita majahazi. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni. Septemba 20 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikatoweka. Ilikuwa imejificha ndani ya Rufiji. Waingereza hawakudhani kwamba chombo cha ukubwa ule chaweza kuingia humo. Looff alithubutu kwa sababu merikebu ya upimaji ya Kijerumani, Möwe, ilikuwa imeipima delta muda mfupi kabla ya vita, na ramani ilikuwa mikononi mwake. Waama, ramani ni msaidizi wa ajabu: ni rubani asiyesema, aliyekwisha kuondoka, na ambaye kweli yake huchakaa kila masika.

Manowari Chatham iliigundua Königsberg mwisho wa Oktoba 1914. Novemba 10 Waingereza waliizamisha meli ya mizigo Newbridge katika mlango wa Suninga ili kuuziba, lakini milango ya Rufiji si mmoja. Mwindaji wa tembo kutoka Afrika ya Kusini, Philip Pretorius, alipenya deltani kwa siri akapima kina cha maji. Kutoka Uingereza zikaletwa Severn na Mersey, manowari bapa zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, ambazo chini yake hazikuzama hata mita mbili.

Shida ilibaki moja: wapiga mizinga hawakuweza kuiona shabaha, kwa kuwa mikoko ilikuwa katikati. Basi eropleni ziliruka kutoka Mafia, mtazamaji akaangalia kombora limeangukia wapi, akapeleka habari kwa simu ya upepo: mbali mno, karibu mno, kushoto, kulia. Katika siku ile ya kwanza, Julai 6, 1915, manowari mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mtazamaji akashindwa kutambua kombora hili ni la nani. Masahihisho aliyompelekea mmoja yalitokana na makosa ya mwingine. Yalitupwa makombora zaidi ya 600, na machache tu yakapata. Mersey yenyewe ilipigwa, watu wakafa. Königsberg nayo ilikuwa na macho yake, kwani Wajerumani waliwaweka watazamaji nchi kavu na kuwaunganisha na manowari kwa waya za simu.

Julai 11 utaratibu ulibadilishwa. Safari hii mmoja apige, mwingine anyamaze. Severn ilitia nanga, na juu yake wakaruka Cull, aliyeendesha eropleni, na Arnold, mtazamaji. Masahihisho yakaanza kuzaa matunda. Kisha eropleni yao ikapigwa na mtambo ukaharibika. Wakati Cull alipokuwa akiishusha kuelekea mtoni bila nguvu ya mtambo, Arnold aliendelea kupeleka habari: makombora yote yanapiga sehemu ya mbele, vuteni nyuma. Wakaanguka majini karibu na Mersey, wakaokolewa. Severn ikavuta shabaha kama ilivyoambiwa, na siku hiyohiyo Looff akaamuru manowari yake ipasuliwe isije ikatekwa. Mabaki yake yalionekana kwa miaka mingi kabla ya kudidimia topeni, na mzinga wake mmoja huonekana hata leo Ngome ya Yesu, Mombasa.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mizinga. Mimi naona kilichokuwa kigeni hasa ni Arnold: msaidizi aliye mbali na chombo, asiyegusa chochote, ambaye neno lake liliaminiwa na watu wasioona alichokiona. Aliweza kuaminiwa baada tu ya kuondolewa fujo ya sauti mbili, na alipokuwa akianguka alijua nini cha kusema kabla ya kunyamaza.

Katika mwaka uleule wa 1914, Juni 18, karibu na Paris, kijana wa Kimarekani Lawrence Sperry alipita mbele ya waamuzi akiendesha eropleni huku ameinua mikono yake yote miwili hewani. Fundi wake Mfaransa alitembea juu ya bawa, na eropleni haikuyumba: pia zizungukazo kwa kasi zilikuwa zikihisi kuinama kwake na kuisawazisha. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Rubani wa delta aliambia mkono. Pia za Sperry zilikuwa mkono wenyewe. Baba yake, Elmer Sperry, aliupeleka ufundi huo katika sukani za merikebu, na mabaharia wakaupa jina la utani Metal Mike, kana kwamba ni mwenzao wa zamu.

Katika motokaa jambo hili lilichelewa. Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyepofuka utotoni, alikerwa na mwendo usio na utulivu wa wenye kumwendesha, akabuni chombo cha kushika mwendo na kupata haki yake ya uvumbuzi mwaka 1950. Mwaka 1958 kikaanza kuuzwa katika motokaa za Chrysler. Chombo hicho hakikuwa na macho. Wajapani ndio waliokitia macho katika miaka ya 1990, Mitsubishi ikitangulia kwa miali ya leza, na Mercedes ikafuata kwa rada mwaka 1999. Mwaka 2001 Nissan iliuza Japani motokaa iliyofuata mistari kwa kamera. Tangu Novemba 2021 Japani imelazimisha aina mpya za motokaa zijengwazo huko ziwe na breki zijifungazo zenyewe, na Umoja wa Ulaya umelazimisha mtambo wa mistari katika motokaa zote mpya tangu Julai 2024. Sisi tununuao motokaa zilizokwisha kutumika hatukuulizwa katika sheria hizo, lakini mitambo yake itatufikia yote, kwa meli, baada ya miaka kumi hivi.

Sisemi kuwa ni mitambo mibaya. Breki ijifungayo yenyewe huokoa watu, na dereva aliyeamkia gurudumu usiku wa manane kutoka Lindi ana haki ya kuamshwa na mlio kabla hajaingia mtoni. Lakini mtambo wa mistari hutegemea mistari, na mistari si ya motokaa, ni ya barabara. Barabara ya kusini ni changa. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003 magari yalivushwa kwa pantoni pale Ndundu, na hata baada ya hapo kilometa 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga zilikaa miaka mingi bila lami kamili. Aprili 2024 mafuriko yaliingia mashambani na vijijini Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, wasafiri wakakwama siku kadha. Barabara iliyokatwa hurudishwa kwa kifusi kwanza, na rangi huja mwisho, ikija. Pengine mstari wa zamani na wa mapya huonekana pamoja, kama makombora ya manowari mbili, na kamera huchagua mmoja. Ramani ya Möwe ilichakaa kwa masika. Mistari yetu nayo huchakaa vivyo hivyo.

Na mtambo ushindwapo kuona mistari hauwezi kutia nanga. Hukuachia usukani ukiwa katika mwendo wa kilometa 80, pamoja na taa ndogo inayobadilika rangi, na labda neno la Kijapani. Mwaka 1983 Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia wa Uingereza, alionyesha katika makala yake mashuhuri kwamba kadiri mtambo unavyofanya kazi nyingi ndivyo mwanadamu anavyopoteza mazoezi, na bado yeye ndiye aachiwaye saa zilizo ngumu kuliko zote. Aliandika juu ya viwanda, lakini maneno yake yanalingana kabisa na lami ya Bungu.

Dereva wa lori wa pwani hii alikuwa na msaidizi wake tangu zamani, naye ni utingo. Kazi yake haikuwa ya heshima: kushuka kwanza, kuweka gogo nyuma ya gurudumu mlimani, kulala juu ya mizigo, kupiga bodi kwa kiganja mara moja kumaanisha simama na mara mbili kumaanisha twende. Lakini alichungulia mahali dereva asipopaona, alisema Kiswahili, na hakuugusa usukani. Lori likiharibika, yeye ndiye aliyekata matawi mabichi na kuyapanga barabarani, hatua mia nyuma ya gari, ili ajaye ajue.

Siku ile, baada ya Ikwiriri, tuliyakuta matawi hayo. Mpwa wangu aliyaona mapema akaanza kushika breki, wakati katika kioo kidogo mbele yake motokaa ilikuwa bado ikichora barabara tupu. Rada za namna ile aghalabu hupuuza vitu visivyokwenda, la sivyo zingesimama kwa kila kibao na kila nguzo. Lori lililokufa kwao ni sawa na nguzo. Tukalipita polepole. Chini yake utingo alikuwa amelala akifunga kitu kwa waya, miguu nje.

Katika kurudi, mpwa wangu alikizima kitufe cha mistari tulipovuka daraja, akauacha ule wa kushika nafasi na gari la mbele, kwani alisema huo angalau haumshiki mkono. Giza lilipoanza kuingia tulikuwa tunakaribia Kibiti, na watu walikuwa wakirudi kutoka mashambani kwa miguu na kwa baiskeli zisizo na taa.

"Mjomba," akasema, "nitazamie kushoto."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikakaa mbele kidogo, nikaanza kusema: baiskeli, watoto wawili, mbuzi, baiskeli.