Kifuniko cha difu hufuata ekseli, hakifuati jina la gari

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa vijijini, leo naweka mbegu na viuatilifu pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu gari linalotoa mazao yetu shambani, hasa ile sehemu ya chini ambayo wengi hatuiangalii mpaka oili imeshamwagika.

Msimu wa mavuno uliopita, mfanyabiashara mmoja wa mahindi alinunua mjini kifuniko kinene cha difu. Aliambiwa ni "cha Land Rover", naye ana Land Rover 109 ya miaka ya 1960. Alipofika kijijini, fundi hakuona tundu hata moja la bolti la kukifungia. Nyuma ya difu ya gari lile hakuna kifuniko kinachofunguka. Badala ya kukirudisha, walikichomelea. Moto wa kuchomelea ukapasua bati la ekseli, oili ikaanza kuvuja kidogo kidogo bila mtu kujua, na safari ya tatu krauni na pinioni zikasagana zikiwa kavu. Magunia yalikaa porini siku nne na mvua ikayakuta huko.

Muuzaji hakusema uongo mtupu, maana zipo Land Rover zenye kifuniko cha aina ile. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kifuniko hufuata jina la gari, wakati kinachoamua ni ekseli. Ukitaka kujua kwa nini magari yenye jina moja yana ekseli tofauti, inabidi turudi nyuma kidogo.

Difu na nyumba zake mbili

Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea umbali mrefu kuliko la ndani. Yote mawili yakilazimishwa kuzunguka sawa, moja litaburuzwa. Mwaka 1827 mtengeneza saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya meno yanayoruhusu kila gurudumu lizunguke kwa mwendo wake. Aliyabuni kwa ajili ya gari la mvuke. Difu tunayoijua leo bado inafanya kazi kwa wazo hilohilo.

Baadaye viwanda viligawanyika juu ya namna ya kuiweka difu ndani ya ekseli. Njia zikawa mbili.

Ya kwanza, difu nzima hukaa kwenye kichwa chake na kuingizwa kwenye ekseli kwa upande wa propela. Upande wa pili wa ekseli ni bati la mviringo lililochomelewa kiwandani, halifunguki. Fundi akitaka kutengeneza, anatoa kichwa kizima.

Ya pili, ekseli yenyewe ndiyo nyumba ya difu. Meno hupangwa humohumo ndani kupitia tundu kubwa lililo upande usio wa propela, kisha tundu hufunikwa kwa kifuniko chenye bolti kuzunguka ukingo. Aina hii ndiyo pekee inayobadilishwa kifuniko.

Jeep: spea zilioana kwa amri

Katika Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Marekani lilihitaji gari dogo la kupita popote. Willys na Ford walipewa kazi, na kuanzia mwaka 1941 hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 zilitengenezwa Jeep zaidi ya 600,000. Jeshi liliweka sharti kwamba spea za Jeep ya Ford ziingie kwenye Jeep ya Willys. Fundi aliye vitani hakuwa na muda wa kuuliza gari limetoka kiwanda gani.

Ekseli za Jeep zilikuwa za Spicer, zile zenye kifuniko cha bolti. Chini ya giaboksi kulikuwa na bamba la chuma ili gari liteleze juu ya jiwe au kisiki badala ya kupasuka. Yale mawili tunayoyazungumzia leo, kifuniko cha difu na bamba la chini, yalikuwa tayari kwenye gari moja.

Kwa hiyo kuoana kwa spea hakukuja kwa bahati. Ilikuwa amri ya mnunuzi mkubwa, na vita vilipokwisha amri hiyo nayo ikakoma. Kila kiwanda kikaendelea kwa njia yake.

Mwaka 1946 kampuni ya Spicer ilibadili jina ikawa Dana. Mpaka leo utasikia watu wa Jeep wakitaja Dana 30, Dana 44 na Dana 60. Vifuniko vya aina zote tatu vina bolti 10, lakini haviingiliani, kwa sababu ukubwa na umbo ni tofauti. Jeep moja inaweza kuwa na Dana 30 mbele na Dana 44 nyuma, na vifuniko vyake viwili visibadilishane. Kumbuka hili siku muuzaji atakapokuambia, "Hesabu bolti tu."

Land Rover: jina moja, ekseli mbili

Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia Jeep ya masalia ya vita kwenye shamba lake katika kisiwa cha Anglesey. Akaona kampuni yake inaweza kutengeneza gari kama lile kwa ajili ya mkulima. Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao, na injini iliweza kuzungusha mashine za shambani.

Ekseli zake hazikufuata zile za Jeep. Rover walitumia za kwao, zinazotoa difu upande wa propela na zenye bati lililochomelewa upande wa pili. Kwa gari fupi lenye mzigo mdogo zilitosha. Lakini 109, ile ndefu, ilibebeshwa mizigo mizito na shafti za nyuma zikawa zinakatika. Miaka ya 1970 gari refu likapewa ekseli ya nyuma ya Salisbury, imara zaidi, ya ukoo mmoja na zile za Dana, na yenye kifuniko cha bolti. Land Rover 110 ilipotoka mwaka 1983 iliendelea nayo, ingawa miaka ya baadaye nayo ilibadilishiwa ekseli tena. Ekseli ya mbele haikuguswa. Ilibaki ya Rover.

Sasa unaona kilichomkuta ndugu yetu wa mahindi. Gari lake ni 109 ya kabla ya Salisbury, na kifuniko alichonunua ni cha Salisbury. Jina kwenye boneti ni lilelile, chini ni vitu viwili tofauti.

Toyota na Nissan

Toyota walianza mwaka 1951 na gari lililoitwa BJ, lililojengwa juu ya fremu ya lori lao dogo. Mwaka huohuo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Ekseli ngumu za Land Cruiser tulizozizoea, zikiwemo zile zenye mkonga, hutoa difu upande wa propela. Nyuma ni bati lililochomelewa. Ukiuziwa "kifuniko cha difu cha bolti" kwa ajili ya nyuma ya gari hilo, rudisha. Unachoweza kupata ni kinga inayofungwa kwa nje.

Hilux ina mtego wa aina yake. Hilux za kwanza zenye magurudumu manne yanayovuta, za mwaka 1979, zilikuwa na ekseli ngumu mbele. Miaka ya 1980 zikaja zenye magurudumu ya mbele yanayopanda na kushuka kila moja peke yake, huku difu ikifungwa kwenye fremu. Lakini katika baadhi ya masoko zile za ekseli ngumu ziliendelea kuuzwa hadi miaka ya 1990. Hilux mbili za mwaka mmoja zinaweza kuhitaji bamba tofauti kabisa.

Tofauti hii ina maana kubwa barabarani. Difu iliyo kwenye ekseli ngumu hubaki na kimo kilekile kutoka ardhini, maana inafuata matairi. Difu iliyofungwa kwenye fremu hushuka pamoja na gari kila gari linapodidimia kwa mzigo au kuruka shimo. Hiyo inahitaji bamba lililofungwa kwenye fremu. Ile ya ekseli ngumu inahitaji kinga iliyofungwa kwenye ekseli yenyewe.

Nissan Patrol nazo zipo za nyuma aina ya H233, isiyo na kifuniko cha kufungua, na H260 yenye kifuniko. Angalia kwanza.

Safari Rally ilivyotufundisha bamba

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zilikuwa za vumbi, mawe na matope ya masika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Hayakuwa magari ya porini kama Land Rover. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo ya kawaida ya abiria.

Waliotaka kumaliza walijifunza kulinda sampu ya injini, maana jiwe moja likiitoboa safari imekwisha. Mafundi wengi bado huliita bamba la chini "sampu gadi", hata linapokinga giaboksi au difu. Fundi akitumia neno hilo, muulize linakinga kitu gani hasa.

Kabla ya kutoa pesa

1. Lala chini ya gari, na gari liwe limezimwa na kuwekewa jiwe kwenye matairi. Tazama upande wa difu usio wa propela. Ukiona ukingo wenye bolti kuzunguka, kuna kifuniko. Ukiona bati laini la mviringo, hakuna, na usikubali kuchomelewa chochote hapo.

2. Kama kuna kifuniko, chukua kipande cha boksi, kibandike juu yake, chora umbo na utoboe kila tundu la bolti. Nenda dukani na boksi hilo. Litakusaidia kuliko kutaja jina la gari.

3. Linganisha kina cha ndani. Kifuniko kinene kinaweza kugusa krauni. Kabla ya kujaza oili, kifunge, inua gari kwa usalama, zungusha magurudumu kwa mkono na usikilize kama kuna mkwaruzo.

4. Tazama tundu la kujazia oili. Kwenye kifuniko kipya likiwa juu kuliko la zamani, oili itazidi na kusukuma sili. Likiwa chini, oili itapungua. Pima kimo cha tundu la zamani kabla hujafungua.

5. Hakikisha kifuniko kipya hakitagonga tangi, ekzosi, tairi la akiba au vyuma vya usukani. Pima gari likiwa na mzigo, maana ndivyo linavyotembea.

6. Bamba lifungwe kwenye matundu yaliyopo ya fremu, na liache nafasi ya kutolea oili. Uzito nao uhesabu. Chuma cha milimita 6 chenye ukubwa wa mita moja ya mraba kina kilo 47, karibu nusu ya gunia la kilo 100. Cha milimita 3 ni nusu ya hapo.

7. Wakati wa kiangazi, safisha nyasi kavu zinazojikusanya juu ya bamba. Zikikaa karibu na ekzosi zinaweza kuwaka na gari likateketea.

8. Kipira cha kupumulia cha ekseli kiwe kizima na kiwe juu. Difu yenye moto ikiingia mtoni huvuta maji ndani. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Badilisha siku hiyohiyo.

Neno la mwisho ni kuhusu pesa. Kama kifuniko chako cha kiwandani hakijapasuka wala kuvuja, na njia yako haina mawe ya kupiga difu, huenda huhitaji kipya. Gasketi nzuri, oili sahihi na jicho la kila wiki vitakufikisha sokoni kwa gharama ndogo. Ndugu yetu ameshanunua difu nyingine kuukuu, na safari hii alikwenda dukani na kipande cha boksi mkononi, matundu yote ya bolti yakiwa yametobolewa.

Nawatakia mavuno mema na safari salama.